Je, wajua? Kurushiana nyimbo kunamuumiza msanii yupi, na kunamjenga yupi?

Msanii wa Mwanza akilalamika mtandaoni kwamba wimbo wake umezagaa kwenye simu za watu na yeye hajaona hata senti, majibu hugawanyika papo hapo. Wapo wanaosema anaibiwa mchana kweupe. Wapo wanaomwambia ashukuru, maana bila watu kurushiana wimbo huo nani angemjua nje ya Nyakato? Ubishi huu una zaidi ya miaka ishirini duniani, na wachumi wameuchimba hadi wakafika kwenye likizo za shule za Ujerumani. Tutafika huko, lakini kwanza kuna hesabu moja lazima tuiondoe njiani.

Hesabu yenyewe ni hii: wimbo umenakiliwa mara 10,000, ungeuzwa shilingi 500, basi msanii kapoteza milioni 5. Inavutia kwa sababu ni rahisi. Sasa ingia kwenye kibanda chochote cha kuingiza nyimbo, Igoma au Buhongwa. Kuna kompyuta moja ambayo herufi za kibodi zimefutika kwa vidole, na mafolda yamepangwa: Kisukuma mpya, Kwaya, Singeli, Za zamani. Dereva wa bodaboda anatoa flashi na kusema, “Nijazie.” Hataji wimbo hata mmoja. Flashi ya GB 8 hubeba nyimbo kama 1,500 za MB 5 kila moja. Kwa shilingi 500 kwa wimbo, hizo ni shilingi 750,000. Dereva huyu hakuwa na mpango wa kutumia laki saba na nusu kununua muziki, na kama angelazimika kulipia kila wimbo asingezinunua zote. Angenunua chache sana, au angesikiliza redio.

Kwa hiyo nakala moja si sawa na mauzo mamoja yaliyopotea. Wengi wakishalielewa hilo huruka upande wa pili na kusema basi hakuna hasara yoyote. Hilo nalo ni kosa, tena kubwa. Ndani ya zile 1,500 huenda zikawemo kumi ambazo angezilipia kweli, na wenye hizo kumi wamekosa fedha halali. Swali la maana ni moja: kati ya nakala zilizosambaa, ngapi zimechukua nafasi ya mauzo, na ngapi zimemletea msanii msikilizaji ambaye asingempata?

Napster, programu ya kurushiana nyimbo kwenye mtandao, ilianza Juni 1999, bendi ya Metallica ikaishtaki Aprili 2000, na Julai 2001 ikazimwa. Programu nyingine zikashika nafasi yake. Mapato ya muziki uliorekodiwa nchini Marekani, yaliyokuwa dola bilioni 14.6 mwaka 1999, yalikuwa yameshuka chini ya nusu kufikia 2014. Kampuni zikanyoosha kidole kwa wanaorushiana. Lakini katika kipindi hichohicho watu walianza kununua wimbo mmojammoja badala ya albamu nzima, hasa tangu duka la iTunes lilipofunguliwa 2003, kwa hiyo anguko lile halikuwa na mshitakiwa mmoja.

Ugumu wa kupima uko hapa: wimbo unaopendwa hunakiliwa sana na huuzwa sana kwa wakati mmoja. Ukilinganisha tu nyimbo zinazonakiliwa na zinazouzwa, utaona vinapanda pamoja, na utadhani kunakili kunaongeza mauzo.

Chukua mfano wa soko. Muuza maharage wa Kirumba analalamika kwamba dagaa wanamnyang’anya wateja. Ukiangalia daftari lake utaona mwisho wa mwezi maharage yanatoka vizuri na dagaa nao wanatoka vizuri, kwa sababu mishahara imeingia. Daftari halikusaidii. Unahitaji kitu kinachopunguza dagaa sokoni bila kugusa mfuko wala hamu ya mnunuzi. Ziwani kitu hicho kipo: mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri na sola, na mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauwavuti tena, mitumbwi mingi hupumzika. Mwezi haujui nani kapokea mshahara. Basi linganisha mauzo ya maharage wakati wa giza na wakati wa mbalamwezi. Yakipanda kila dagaa wanapoadimika, muuza maharage ana haki ya kulalamika. Yasipotikisika, mshindani wake si dagaa.

Hivyo ndivyo wachumi Felix Oberholzer-Gee na Koleman Strumpf walivyofanya kupima kama kupakua nyimbo bure kunapunguza mauzo. Walichukua kumbukumbu za watu waliokuwa wakipakua nyimbo kwa wiki 17 mwishoni mwa 2002, wakazilinganisha na mauzo ya albamu 680 nchini Marekani. Mbalamwezi yao ilikuwa likizo za shule za Ujerumani. Takribani wimbo mmoja kati ya sita uliopakuliwa na Wamarekani ulitoka kwenye kompyuta za Ujerumani. Wanafunzi wa huko wakiwa likizo wanakaa mtandaoni zaidi, nyimbo zinapatikana kwa urahisi zaidi, na Mmarekani wa Chicago anapakua zaidi bila kujua kwamba watoto wa Ujerumani wamefunga shule. Likizo hizo hazibadilishi anachokipenda. Matokeo yaliyochapishwa 2007: athari kwa mauzo haikuweza kutofautishwa na sifuri. Mimi naona mbinu hii ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyowahi kufanywa katika uchumi wa sanaa.

Matokeo ni jambo jingine. Mchumi Stan Liebowitz aliyapinga kwa nguvu na kwa miaka mingi, akidai data haikutolewa ili wengine waikague. Mwaka 2006 Rafael Rob na Joel Waldfogel, waliowauliza wanafunzi wa vyuo vikuu moja kwa moja, walipata kwamba kila albamu iliyopakuliwa ilipunguza ununuzi kwa takribani 0.2, yaani albamu tano zikipakuliwa, moja haikununuliwa, na wakaonya kwamba huenda ni zaidi. Tena wote hawa walipima albamu za Marekani, nchi iliyokuwa na maduka mengi ya muziki wakati huo. Flashi ya Magu ina mazingira yake.

Kwa Kanda ya Ziwa uchunguzi ninaouona una uzito zaidi ni wa 2012, wa Julie Holland Mortimer, Chris Nosko na Alan Sorensen. Wao waliangalia mauzo pamoja na maonyesho. Waliona kurushiana kulipunguza mauzo ya albamu, lakini kuliongeza mapato ya maonyesho kwa wasanii wadogo, huenda kwa sababu walianza kufahamika. Kwa wasanii wakubwa maonyesho hayakubadilika sana.

Sasa waangalie waimbaji wa ngoma za Kisukuma. Hapa fedha nyingi haitoki dukani. Inatoka kwenye harusi, kwenye minada, kwenye ngoma za baada ya mavuno, na kwenye kutunzwa mbele ya watu. Hata katika mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, yanayoonekana kila mwaka kwenye tamasha la Bulabo pale Bujora, Kisesa, ushindi ni kuvuta umati. Mwimbaji wa namna hii nakala yake ikivuka hadi Geita au Ukerewe, inamtangulia kutafuta mwaliko.

Kwaya ni kinyume kabisa, na hapo ndipo ninapoumia. Kwaya ya kanisa hailipishi kiingilio ibadani. Wanakwaya huchanga wenyewe gharama za studio, sare na video, na zamani walirudisha fedha kwa kuuza kaseti na CD. Hakuna lango ambalo nakala ya bure italijaza. Kwao kila mnunuzi aliyepotea amepotea moja kwa moja, na kuwaambia washukuru kutangazwa ni kuwaonea.

Tena tusichanganye mambo mawili. Anayemrushia rafiki wimbo hapati kitu. Kibanda kinapokea fedha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kuamua nani anakili na kusambaza kazi yake, na anayejaza flashi kwa malipo bila idhini anafanya biashara kwa mali ya mtu.

Na hata nakala ya bure humjenga msanii kwa sharti moja: jina lake lisafiri nayo. Faili zikihamishwa kutoka flashi hadi flashi, majina hubadilishwa, wimbo unaishia kuitwa “Track 07” au jina la tovuti iliyoupakia. Waimbaji wa Kisukuma wamejikinga kwa desturi ya kale ya kujitaja ndani ya ubeti, jina na kijiji, kwa hiyo anayetaka kuwaalika anajua aulizie wapi. Msanii wa Bongo Fleva naye siku hizi hujitaja mwanzoni mwa wimbo. Kwaya nyingi hazifanyi hivyo, maana wimbo ni wa kumsifu Mungu. Faili ikibadilishwa jina, aliyeguswa na wimbo huo kule Sengerema hana pa kuanzia kuwatafuta.