Kuvua Majani Yote Hakuivishi Zabibu: Maelekezo kwa Wakulima wa Dodoma Kabla ya Mavuno

Malalamiko ya mizigo ya zabibu kukataliwa hapa kiwandani kwetu yameongezeka, na mengi yanafanana: "Zabibu zangu ni tamu, mbona zimekataliwa?" Zabibu ya mvinyo haikubaliwi kwa utamu peke yake. Hupimwa sukari, asidi na pH (kipimo cha ukali wa asidi), kisha ganda huangaliwa, na yote hayo hutegemea jua limefikaje kwenye kichala.

Ipo dhana tuliyoisahihisha mara nyingi, kwamba mkulima akivua majani yote zabibu itaiva upesi. Sukari hutengenezwa na majani. Chipukizi huhitaji majani 12 hadi 15 yenye afya kuivisha vichala vyake. Punje iliyoachwa wazi huweza kuzidi joto la hewa kwa nyuzi 10 na zaidi; kwenye hewa ya nyuzi 30, hiyo tayari ni 40. Hapo rangi ya ganda haijengeki, asidi ya maliki, moja ya asidi kuu za zabibu, hupotea haraka, na punje hubabuka. Mvinyo wake huwa na kilevi kikali, hauna uchangamfu mdomoni, na hunukia matunda yaliyopikwa.

Kivuli kizito nacho kinaharibu. Jani moja huzuia karibu sehemu tisa kati ya kumi za mwanga, hivyo kichala kilichofichwa nyuma ya majani matatu kiko gizani: rangi hafifu, manukato ya maua na matunda kidogo, na ukungu juu yake. Aina kama Cabernet Sauvignon hubaki na harufu ya pilipili hoho mbichi.

Kwa mistari ya kaskazini–kusini, ondoa majani mawili hadi manne yanayozunguka kichala, upande wa mashariki tu. Wa magharibi uache, maana jua la alasiri hukuta hewa imeshapata joto. Fanya hivyo punje zikiwa ndogo kama njegere. Ganda lililozoea mwanga mapema hustahimili. Ukisubiri zibadilike rangi, utazibabua. Chenin Blanc, ambayo ni zabibu nyeupe, ipunguzie majani machache zaidi kuliko Makutupora au Syrah, ambazo ni nyekundu, kwani yenyewe haidai rangi.

Msimu nao una sauti. Mavuno ya Agosti na Septemba hukomaa wakati wa kiangazi, baada ya usiku wa baridi wa Juni na Julai unaohifadhi asidi na harufu. Ya Machi hukutana na mawingu na mvua: sukari huchelewa, punje hupasuka na kuoza. Usitegemee vipimo sawa.

Kabla ya kuvuna, chuma punje 100 kutoka mistari tofauti, pande zote mbili, juu, katikati na chini ya kichala. Usichume za pembeni mwa shamba pekee, hizo hudanganya. Ziponde, changanya, acha juisi ifike nyuzi 20, sawazisha refraktomita (kifaa cha kupima sukari) kwenye sifuri kwa maji yaliyotoneshwa, ndipo usome. Gramu 17 hivi za sukari kwa lita hutoa asilimia moja ya kilevi. Briksi 22, yaani takribani gramu 22 za sukari katika kila gramu 100 za juisi, hufika kama asilimia 12.5 hadi 13 za kilevi.

Salfa, dawa ya ukungu, usipulizie joto likizidi nyuzi 32, itaunguza. Ikipuliziwa karibu na mavuno, mabaki yake huupa mvinyo harufu ya mayai viza wakati wa uchachushaji. Fuata siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa na uje na daftari la upuliziaji.

Mapokezini, sampuli huchukuliwa kreti za juu, za kati na za chini. Kiwango kikiwa chini ya mkataba, bei hukatwa au mzigo hurudi kwa gharama yako, kama mkataba unavyosema. Usisaini fomu kabla hujaona namba. Anayepinga kipimo aombe kirudiwe hapohapo, kabla kreti hazijamwagwa. Zikishachanganyika na za wengine hatuna cha kukupimia.