Kutu ya Pwani: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

"Kutu ya Mombasa huletwa na mvua."
Mvua husingiziwa. Adui mkubwa ni chumvi inayorushwa na mawimbi na kubebwa na upepo. Unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, chumvi hiyo huunyonya na kuyeyuka juu ya chuma bila hata tone la mvua. Tazama grili za Nyali au Likoni: upande unaopigwa na mvua mara nyingi una nafuu kuliko ule uliojificha barazani, kwa kuwa mvua huosha chumvi. Basi huko mafichoni ndiko kwa kuosha kila mwezi, tena kwa maji ya mfereji. Visima vingi vya hapa ni vya maji ya chumvi, na kuosha geti kwa maji hayo ni kuilisha kutu.

"Piga msasa, paka rangi, kazi imekwisha."
Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Chumvi hujikita ndani ya vishimo vya kutu. Msasa hung'arisha juu, chumvi ikabaki. Rangi hupitisha unyevu kidogo kidogo, chumvi iliyo chini ikauvuta, malengelenge yakatokea. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo huibandua rangi kwa nguvu.

Kwangua magamba kwanza. Osha kwa sabuni na maji matamu ili mafuta yatoke, suuza, kausha. Ndipo brashi ya waya na msasa nambari 80, mpaka chuma kionekane. Osha tena (wengi huruka hapa), futa na ukianike. Kikikauka tu, paka praima ya zinki fosfeti (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) siku iyo hiyo. Kikilala wazi usiku mmoja, kutu hurudi. Anza kwa brashi ndogo kwenye pembe na maungio ya kuchomelea, maana rangi hukimbia kwenye ncha na kubaki nyembamba. Praima mara mbili, kisha rangi ya mafuta mara mbili, kila tabaka likauke kwa muda ulioandikwa mkebeni.

"Siki ikikaa zaidi, husafisha zaidi."
Kwa spana au panga iliyolowekwa kwenye siki ili kutoa kutu, saa 12 hadi 24 zatosha. Kutu ikiisha, asidi huanza kula chuma chenyewe. Sugua, suuza, kisha chovya kwenye lita moja ya maji yenye kijiko cha magadi ili kuua asidi; suuza tena, kausha mara moja, paka mafuta ya mashine. Ndimu kwa chumvi? Kwa shaba, sawa. Kwa chuma, hapana.

"Chuma kilichofunikwa kwa zinki hakihitaji kupakwa rangi."
Fundi akishachomelea, zinki ya pale imeungua, na kutu huanzia hapo hapo. Sugua kiungo, paka rangi yenye zinki nyingi. Usisafishe chuma cha aina hii kwa siki, kwani huila zinki. Kama geti ni la bomba za mraba, toboa tundu la milimita 6 chini ya kila bomba iliyosimama, maji yatoke. Geti nyingi huoza kutoka ndani huku rangi ya nje ingali mpya.

"Stenlesi haishiki kutu."
Ya daraja 304, ile ya kawaida madukani, hupata madoa ya kahawia karibu na bahari. Ya 316 ina metali iitwayo molibdeni na hustahimili zaidi, ila nayo yataka kuoshwa. Usiisugue kwa brashi ya waya wa chuma: vipande vidogo hubaki juu yake na kushika kutu.