Je, wajua kwa nini aliyetulia ndiye husukuma mkokoteni?

Saa moja asubuhi, feri ikishagusa gati upande wa kisiwani Mombasa, sisi tunaotoka Likoni huupanda ule mteremko kama watu wanaofukuzwa. Katikati yetu yuko hamali na mkokoteni wa nazi, amejiinamia mpaka kifua kinakaribia kugusa goti, kandambili zinateleza. Kumsaidia hadi juu ni kazi ya dakika moja tu. Nimempita miaka mingi, na roho mbaya sina. Nilikuwa simuoni.

Kutoona huku kulipimwa zamani. Mwaka 1973 wanasaikolojia wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio lao kwa wanafunzi 40 wa seminari mjini Princeton. Kila mwanafunzi alitumwa jengo la pili akatoe hotuba fupi. Njiani palikuwa na mtu aliyepangwa makusudi, amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Kati ya walioambiwa kwamba muda bado upo, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Cha kuchekesha, au cha kuliza: baadhi yao hotuba yenyewe ilihusu kisa cha Msamaria Mwema, na hilo halikuleta tofauti ya maana. Wako hata waliomruka yule mgonjwa wakaenda kuhubiri.

Si kwamba walikuwa wanafiki. Wengi walifika huko wamefadhaika. Haraka huifinya akili, jicho limeona, lakini akili haina nafasi ya kuuliza, "Huyu ana nini?"

Kimya nacho kinaingia wapi? Mwaka 2013 Paul Condon, David DeSteno na wenzao, katika Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, walitoa matokeo ya watu 39. Baadhi walifunzwa kwa wiki nane kutafakari, yaani kukaa kimya na kuituliza akili, wengine walikuwa bado wanasubiri zamu yao. Kisha kila mmoja aliitwa peke yake kwenye chumba chenye viti vitatu, viwili vimeshakaliwa. Akishaketi, anaingia mtu mwenye magongo, uso umekunjamana kwa maumivu, anaegemea ukuta. Wale wawili, waliokuwa wamepangwa, wanajifanya hawamuoni. Hapo mtego ni mkali, kwa sababu wenzako wakinyamaza nawe hunyamaza. Ambao hawajafunzwa, asilimia 16 tu walimpisha kiti. Waliofunzwa, nusu yao.

Watu 39 ni wachache, sitaki kulikuza jambo. Ila kuna kitu kilichonifanya nisome mara mbili: waliofunzwa walikuwa makundi mawili, moja likifundishwa huruma waziwazi, jingine kutulia na kuiangalia akili yao tu, na hayakutofautiana. Ukiniuliza mimi, sababu ni kwamba kutafakari ni mazoezi ya kuikamata akili inapotoroka na kuirudisha hapa ulipo. Na hapa ulipo ndipo alipo mwenye magongo.

Babu yangu mzaa mama, Mji wa Kale, hakuhitaji wiki nane za mtu. Akimaliza uradi wa Alfajiri hutoka barazani na tasbihi yake, hasemi na mtu mpaka jua lipande. Sisi watoto tuliona uvivu wa uzee. Asubuhi moja alipita kijana muuza mahamri, yule yule wa kila siku. Mtaa mzima tulikuwa tumeshanunua, macho yetu kwenye sinia. Babu akamtazama miguu. "Kiatu chakubana, mwanangu?" Kijana akacheka kwa haya, akavua: kisigino kimechunika, damu imekauka. Babu akaingia ndani, akatoka na makubadhi yake ya Ijumaa.

Mimi barazani sifiki, basi nimejichukulia zile dakika chache za kuvuka. Simu inakaa mfukoni, natazama maji. Siku nyingi hesabu za kodi na karo hunishinda, nashuka vilevile nilivyopanda. Juzi lakini niliuona mkokoteni, nikaushika kwa nyuma, tukasukumana na hamali mpaka juu. Akasimama, akajifuta jasho kwa mkono wa shati, akaniangalia vizuri.

"Shukran, ndugu yangu. Kwani leo huendi kazini?"