Ukungu ukutani na kifua cha mtoto: maswali tunayoulizwa hospitalini kila masika

Ukungu wa ukutani ni nini?
Ni kuvu inayoota penye unyevu. Hutoa chembe ndogo sana ambazo tunazivuta tunapopumua. Huku Pwani, Machi hadi Mei, utaukuta nyuma ya kabati, chini ya dirisha, kwenye dari la jipsamu, hata upande wa chini wa godoro.

Unaleta madhara gani?
Mafua yasiyoisha, macho kuwasha, kikohozi cha usiku. Mwenye pumu anaweza kubanwa vibaya.

Tumepaka rangi upya, mbona mtoto bado anakohoa?
Kwa sababu rangi haiondoi ukungu. Inaufunika tu. Maji yangali ndani ya ukuta, na baada ya muda rangi inavimba, inabanduka, madoa meusi yanarudi palepale. Isitoshe, harufu ya rangi mbichi yenyewe huamsha pumu, halafu mtoto analazwa chumba hichohicho usiku uleule! Tunawapokea watoto hawa kila msimu wa mvua.

Na rangi ya mafuta? Au ile iliyoandikwa kuwa inazuia ukungu?
Hapana. Hata hiyo hupakwa juu ya ukuta uliosafishwa na kukauka. Juu ya ukungu, hapana.

Mwenye nyumba anasema tupake rangi tu, tuache kulalamika.
Rochdale, Uingereza, baba mmoja aliripoti ukungu katika nyumba ya kupanga mwaka 2017, akaambiwa apake rangi. Mwanawe, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020 akiwa na miaka miwili. Mwaka 2022 mchunguzi wa vifo alitamka kwamba ugonjwa wa njia ya hewa uliomuua ulitokana na kukaa muda mrefu kwenye ukungu ule. Nchi ile ikatunga sheria yenye jina lake. Mwonyesheni mwenye nyumba picha za ukuta, mwambieni hivi kwa heshima: rangi haiondoi ukungu.

Mtaalamu wa kuondoa ukungu akija anatakiwa kufanya nini?
Kwanza atafute maji yanatoka wapi: bomba linalovuja ndani ya ukuta, paa, kiyoyozi kinachomwaga maji, au msingi unaofyonza unyevu wa ardhini. Wenye vifaa hupima unyevu wa ukuta kwa kipimo maalumu. Kisha chanzo kinazibwa, lipu iliyooza inabanduliwa, jipsamu iliyolowa inatupwa, na chumba kinatengwa ili vumbi lisisambae nyumba nzima. Anayefika na pampu ya dawa ya wadudu, akapulizia na kudai malipo bila kuuliza maji yanatoka wapi, msimlipe. Wala hamhitaji kulipia vipimo vya maabara kujua ni ukungu wa aina gani. Kama unaonekana, uondolewe.

Naweza kusafisha mwenyewe?
Doa lisilozidi mita moja ya mraba, ndiyo. Vaa barakoa na glavu, fungua madirisha, sugua kwa sabuni na maji, kausha kabisa. Mwenye pumu asiwepo, wala asipewe kazi hiyo. Na tafadhali, msichanganye dawa ya klorini na dawa ya kusafishia choo. Hewa inayotoka hapo inachoma mapafu.

Mtoto anakohoa kila usiku. Nimnunulie dawa ya kikohozi?
Hapana, mlete apimwe. Tunaona watoto waliokwisha kunyweshwa chupa tatu nne za dawa ya kikohozi, na antibayotiki za dukani juu yake, kumbe ni pumu ambayo haijawahi kutibiwa. Antibayotiki haitibu pumu.

Lini ni dharura?
Kifua kikitoa mlio kama filimbi, mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kuongea, midomo ikibadilika rangi. Msisubiri kuche. Msimfukize, msimpake mafuta kifuani mkangoja muone. Njooni usiku huohuo, na mtuambie kuhusu ule ukuta bila kusubiri tuwaulize.