Kupiga windo sio kuweka kiraka jamani

Hii ni mara ya tatu mwezi huu. Dada mmoja mwenye steshenari hapa Moshi kaniletea laptopu inazingua, nikamuuliza viraka vimeingia lini mara ya mwisho, akanijibu kwa kujiamini kabisa, "Kaka hiyo mpya, nimepigiwa windo Jumamosi," yani kafutiwa Windows, ule mfumo unaoendesha kompyuta, na kuwekewa upya. Haya. Nafungua, kumbe kweli imepigwa Jumamosi, ila kwa fleshi yenye Windows 10 ya 2019.

Kiraka ni kipande cha programu ambacho wenye mfumo wanakitoa ili kuziba shimo kwenye mfumo ambao tayari uko kwa watu na unapiga kazi. Basi, hakuna zaidi. Mashine ileile, mafaili yaleyale, kinachobadilika ni pale palipotoboka.

Na jina lenyewe wala sio la kubandika tu. Kompyuta za zamani zilikuwa zinasoma maelekezo kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, mfano ile Harvard Mark I ya Marekani ya 1944, sasa tundu likikosewa wanagandisha kikaratasi juu yake wanaliziba, hamna tofauti na mafundi cherehani wa soko la Memorial hapa Moshi wanavyoshonea goti la jinzi ya mtumba. Kiraka cha kushika kwa mkono kabisa. Kwa hiyo wanaosema neno "kiraka" kwenye kompyuta ni Kiswahili cha kulazimisha huwa nawashangaa, mana hapa Kiswahili kimegonga palepale.

Anayetuchanganya ni kiraka wa mpira. Mchezaji kiraka ni yule anacheza namba yoyote, leo beki wa kulia, kesho kiungo, kipa akiumia anaweza hata kuambiwa adake. Nahisi ndo huko watu wanatoa wazo kwamba kiraka cha mfumo nacho unakichomeka popote kinafanya kazi. Hapana, hiki kinashonwa kwa shimo fulani la toleo fulani. Cha Windows 11 hakiingii kwenye Windows 7, na hiyo Windows 7 yenyewe Microsoft, wenye Windows, walishaacha kuishonea watu wa kawaida tangu Januari 14, 2020. Windows 10 nayo huduma ya kawaida imekoma Oktoba 14, 2025, anayetaka viraka zaidi anajiandikisha kwenye mpango wa ziada.

Sasa kupiga windo ni kufuta mfumo na kuuweka upya. Fleshi ikiwa ya zamani umerudisha mashimo yote yaliyokuwa yameshazibwa, yani una suruali ya viraka vitano, unaitupa, unanunua nyingine imetoboka sehemu zilezile tano afu unatamba mtaani una suruali mpya. Yule fundi aliyempigia dada hakukosea kupiga, mashine pengine ilihitaji, alichokosea ni kupokea hela na kuondoka kabla viraka havijashuka.

Kingine, na hiki ndo kinanikera kuliko vyote, ni "si kiraka kimeshatoka?" Kimetoka, ndio. Microsoft wana siku yao, Jumanne ya pili ya kila mwezi, toka 2003. Lakini kutoka kwao na kufika kwako pale Mbuyuni ni vitu viwili, katikati kuna kushushwa, kusakinishwa na kuristati, na wengi wanakwama humohumo. Kiraka cha lile shimo lililotumiwa na kirusi cha WannaCry kilitoka Machi 14, 2017. Kirusi chenyewe kikalipuka Mei 12, karibu miezi miwili baadae, kikafunga mafaili ya watu dunia nzima mpaka hospitali za Uingereza zikaanza kurudisha wagonjwa. Kiraka kilikuwepo muda wote huo, ila kwenye mashine zile hakikuwemo.

Kwenye kushusha siwalaumu sana, bando linauma, na mtu wa steshenari akiona kompyuta inakula intaneti yenyewe lazima atafute pa kuzima. Ila kuristati ni bure jamani. Windows haiwezi kubadilisha faili ambalo liko kazini muda huohuo, kwa hiyo kiraka kinashuka, kinakaa kinasubiri mashine iwake upya ndo kiingie. Kufunga mfuniko wa laptopu jioni ukaufungua asubuhi sio kuristati, hapo imelala tu na kiraka chako bado kiko mlangoni.

Yule dada nilimwachia waifai ya ofisini mpaka saa kumi, ikaristati mara tatu. Alipokuja kuichukua akasema, "Kwa hiyo kaka umenipigia windo nyingine?" Hapana dada, windo ni ileile ya Jumamosi, leo ndo imeshonwa.