Je, wajua kwa nini mvamizi aliyejificha hugunduliwa na kijana?

Hadithi za kubuni kuhusu viumbe wa sayari nyingine zina uvamizi wa namna mbili. Upo ule wa wazi, kama alioueleza H. G. Wells katika riwaya yake ya mwaka 1898, ambamo viumbe wa Mirihi wanatua Uingereza na kuwaunguza watu kwa miali ya joto mchana kweupe. Upo pia ule wa siri, ambapo mvamizi huvaa sura ya jirani au ya baba mzazi, akakaa mezani na kula na wenye nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako. Katika uvamizi huu wa pili, mara nyingi anayeshtuka wa kwanza si askari wala mwanasayansi, bali ni mtoto au kijana anayekwenda shule. Kwa nini?

Tuanze na filamu ya Kimarekani ya mwaka 1953, Invaders from Mars. Mvulana mmoja anaamka usiku na kukiona chombo kikizama mchangani, nyuma ya nyumba yao. Baba yake anakwenda kutazama, na anaporudi amekuwa mkali na mwenye macho makavu, na mtoto anaona alama ndogo kisogoni mwake. Mtoto huyo anakimbilia polisi, na huko anakuta mkuu wa kituo ana alama ileile. Msomaji wa Pwani aliyesimuliwa habari za jini mwenye sura ya mwanamke mrembo na miguu ya kwato anaelewa upesi kazi ya alama hiyo: mwili wote umedanganya, isipokuwa sehemu moja ambayo wengi hawaitazami.

Marekani ya wakati ule ilikuwa katika hofu ya wakomunisti waliodhaniwa kujipenyeza serikalini, hofu ambayo seneta Joseph McCarthy aliichochea kuanzia mwaka 1950, na adui wa namna hiyo hatambuliki kwa sare wala kwa lugha. Hata hivyo, hofu ya kisiasa peke yake haielezi kwa nini shahidi awe mtoto. Kwa maoni yangu, sababu kubwa ni kwamba hadithi hizi zinahitaji mtu mwenye sifa mbili ambazo ni nadra kukutana: awajue watu wa nyumbani kwa undani kiasi cha kutambua badiliko dogo la sauti au la mkono unaomgusa, na wakati huohuo neno lake lisiwe na uzito mbele ya wakubwa. Jenerali akigundua, atapiga simu na jeshi litakuja. Kijana akigundua, ataambiwa akalale.

Kwa muda mrefu, katika vitabu vya katuni vya Marekani, vijana walikuwa zaidi wasaidizi wa mashujaa watu wazima, kama Robin aliyeanza kumfuata Batman mwaka 1940. Mwaka 1962 alitokea Peter Parker, yaani Spider-Man, mwanafunzi anayepambana peke yake akiwa na barakoa usoni. Mwaka huohuo wasomaji walikuwa wameshakutana na Skrulls, viumbe wanaojigeuza sura, ambao walianza kwa kujifanya mashujaa wa Fantastic Four ili watu wawachukie mashujaa wa kweli.

Nyuzi hizo mbili zimesokotwa vizuri sana katika kisa cha Jaime Reyes, aliyebuniwa na Keith Giffen, John Rogers na Cully Hamner mwaka 2006. Jaime ni kijana wa El Paso, mji wa Texas ulio mpakani na Meksiko, na baba yake ana gereji. Anaokota kitu cha samawati chenye umbo la mbawakawa, anakipeleka nyumbani, na akiwa usingizini kinajipachika katika uti wa mgongo wake. Kitu hicho kinampa vazi la silaha linalomfunika mwili mzima, naye anakuwa Blue Beetle. Baadaye inajulikana kwamba kimetengenezwa na Reach, viumbe wanaozijia sayari kama marafiki wenye misaada na teknolojia, huku mbawakawa wao akitumwa mapema ili amtawale atakayemvaa na kuitayarisha sayari kutekwa. Yule wa Jaime ana hitilafu, ndiyo maana kijana amebaki na akili zake, ingawa anaendelea kusikia sauti inayomhimiza atumie silaha za kuua.

Hapa mvamizi hayuko tena kisogoni mwa baba, bali mgongoni mwa shujaa mwenyewe, tena katika umri ambao mwili wa kijana hubadilika bila kumwomba ruhusa. Watunzi wake wakafanya jambo ambalo wengi waliowatangulia hawakulithubutu: Jaime anaporudi nyumbani baada ya kupotea kwa muda mrefu, hawafichi wazazi wake wala dada yake mdogo, Milagro. Anawaeleza yaliyompata na kuwaonyesha alivyo, na wakati Reach wanapofika wakitabasamu na zawadi zao, katika nyumba ile tayari kuna watu wanaoliamini neno la kijana wao.