Kuskani mtandao wa nyumba ya wageni Lamu

Wenye nyumba za wageni hapa Lamu wakiniita, lalamiko huwa moja: intaneti imekuwa nzito na hakuna ajuaye ni vitu gani vimeunganishwa. Nyumba za kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na Wai-Fai haizipenyi. Basi kila fundi aliyepita ameongeza rauta yake, moja sebuleni, nyingine ghorofani, nyingine juu kabisa chini ya makuti.

Kwa hiyo kabla ya kuskani chochote, yaani kuuliza mtandao una vifaa gani na vinatoa huduma gani, naangalia kwanza mimi mwenyewe nimeunganishwa na rauta ipi. Ikiwa rauta ya juu inagawa anwani zake yenyewe (namba zinazovitambulisha vifaa mtandaoni), basi imeunda mtandao mdogo wa peke yake, na skani ya kule juu haitakuorodheshea hata kifaa kimoja cha sebuleni mpaka uulizie anwani za kule chini kwa makusudi. Fundi akishuka na orodha ya vifaa vichache akasema mtandao ni mtupu, mwulize alikuwa ameketi wapi.

Mimi hutumia Nmap, programu ya bure ya kuskani mitandao ambayo Gordon Lyon aliitoa mwaka 1997. Wengi huanza kwa ping, ujumbe mfupi wa kuuliza kama kifaa kipo: unaziita anwani kuanzia 192.168.1.1 hadi 192.168.1.254, anayeitika unamwandika, asiyeitika unampita. Lakini kupiga hodi pasi na kujibiwa hakumaanishi nyumba haina watu. Kompyuta nyingi za Windows, kwa mfano, zina faiawoli, yaani kinga ya mtandao, inayoitupa ping bila neno. Ndani ya mtandao mmoja swali la maana ni la ARP, utaratibu wa vifaa kutafutana: nani mwenye anwani hii? Kifaa kinaweza kuikataa ping, ila kikikataa kujibu ARP, hata rauta haitajua pa kukipelekea paketi zake, yaani vipande vya data, na intaneti kitaikosa.

Nmap hutumia ARP yenyewe ikiwa mko mtandao mmoja, mradi uiendeshe kwa mamlaka ya msimamizi:

sudo nmap -sn 192.168.1.0/24

Ukisahau sudo, neno linaloipa mamlaka hayo, haitakugombeza. Itajaribu tu kuunganisha kwenye poti (milango ya huduma yenye namba) 80 na 443, na itakurudishia orodha iliyopungua bila wewe kushtuka. Simu nazo zina vituko vyake: zikilala huchelewa kujibu, na za miaka hii hujibunia anwani ya MAC, namba ya kadi ya mtandao inayoonyesha kiwanda, kwa kila mtandao, kwa hiyo usitegemee jina la kiwanda kuitambua simu ya mgeni.

Baada ya kujua nani yupo, unauliza anatoa huduma gani. Poti za TCP, njia ya mawasiliano ambayo pande mbili huunganishwa kwanza, zinafika 65535; Nmap, usipoiambia vingine, hujaribu 1000 zinazotumika sana. Inatuma SYN, paketi ya kuomba kuunganishwa. Ikirudi SYN/ACK, yaani ombi limekubaliwa, poti iko wazi. Ikirudi RST, yaani ombi limekataliwa, imefungwa, lakini kifaa kimejithibitisha kuwa hai. Kimya kinamaanisha pengine faiawoli imeimeza paketi njiani. UDP, njia ya pili isiyoanza kwa kuunganishwa, ni kazi ya subira, kwani Linux hupunguza kasi ya majibu ya poti zilizofungwa hadi kama moja kwa sekunde.

Mwenye nyumba anakwambia, "Kamera tunazo mbili tu, mwanangu," kisha poti 554, ya video za kamera, inaitika mahali pa tatu: rekoda kuukuu iliyosahauliwa stoo, bado ina umeme na nywila ya kiwandani. Nikiona na poti 23 iko wazi, yaani telnet, njia ya kale ya kuingia kifaa kwa mbali, hiyo naichomoa kwanza, maelezo baadaye. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na rauta nyingi duniani kwa mlango huohuo na nywila za namna hiyo.

Printa ziende taratibu. Ukitumia -sV kutambua matoleo ya huduma, Nmap huruka poti 9100 hadi 9107, kwa sababu baadhi ya printa huchapa lolote linalotumwa hapo. Ukiilazimisha, andaa karatasi.

Na ruhusa naitaka kwa maandishi, hata kama mwenye nyumba ni jamaa yangu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta inamwekea anayeingia mfumo wa mtu bila idhini faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Kuskani peke yake si kuingia, lakini jirani anayeona kamera yake inabishiwa poti usiku hatangoja umweleze tofauti. Karatasi yangu inataja anwani nitakazogusa na saa nitakazofanya kazi, na Wai-Fai ya nyumba ya pili, hata ikishika vizuri kuliko yetu, haimo.